Kaa Mwenye Gando Moja na Kishikwambi cha Mwalimu

Programu za kuchora na kusanifu picha zimeingia madarasani mwetu zikiwa na sifa ya kuwafurahisha watoto, na sifa hiyo ni ya kweli, kwani mtoto wa Darasa la Kwanza hahitaji kubembelezwa ili aguse skrini. Furaha peke yake, hata hivyo, haimfundishi mtoto kwamba nzi ana miguu sita. Ninafundisha Darasa la Kwanza na la Pili katika shule ya msingi huku Tanga, na baada ya kuzitumia zana hizi katika mada ya viumbe hai nimefikia msimamo ambao ningependa walimu wenzangu waupime: faida yake inatokana na ukurasa mtupu unaomlazimisha mtoto kuamua kiumbe alivyo, na hasara yake inatokana na picha zilizokwisha kuchorwa, ambazo humwondolea mtoto haja ya kuamua chochote.

Nianze na sisimizi. Mtoto akiambiwa amchore sisimizi daftarini, humchora haraka, na miguu huibandika tumboni kwa sababu tumbo ndilo kubwa na ndilo lenye nafasi. Mwalimu akimwambia kuwa miguu haikukaa mahali pake, mtoto hufuta, karatasi hutoboka, na somo huishia kwenye masikitiko. Katika programu ya kuchorea, kila mguu ni kipande kinachoweza kusogezwa kwa kidole. Tunamweka sisimizi hai ndani ya chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, tunamtazama kwa lenzi, kisha namuuliza mchoraji: "Miguu hii imetokea wapi?" Mtoto hutazama tena, hugundua kwamba miguu yote sita imetoka kifuani na kwamba tumbo halina mguu hata mmoja, halafu huivuta miguu mmoja mmoja kutoka tumboni hadi kifuani. Ule uamuzi wa kuuhamisha mguu ndio somo lenyewe. Kishikwambi kimesaidia kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba kurekebisha hakumgharimu mtoto mchoro wake wote.

Vishikwambi hivi wengi tumevipata baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, pale Serikali ilipoamua kwamba vifaa vilivyotumiwa na makarani wa sensa vigawiwe kwa walimu. Walimu wengi huvitumia kwa maandalio ya masomo na kwa kusoma vitabu, na hakuna ubaya. Mimi cha kwangu nimekiwekea ScratchJr, programu ya bure iliyotoka mwaka 2014 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Tufts, taasisi ya MIT na kampuni ya Playful Invention, ikiwalenga watoto wa miaka mitano hadi saba. Ninaipendelea kwa sababu mbili. Kwanza, amri zake ni vitufe vya picha, si maneno, kwa hiyo mtoto ambaye bado anahangaika na silabi katika stadi za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) anaweza kuitumia sawasawa na mwenzake anayesoma vizuri. Pili, ukishaipakua, inafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo kila mwalimu anayejinunulia bando kwa fedha yake mwenyewe atalithamini.

Mada ambayo imenipa mengi zaidi ni ya kipepeo. Nyuma ya ofisi ya walimu kuna mlimau, na kwenye majani yake machanga hutaga kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, anayeitwa kitaalamu Papilio demodocus. Wakulima wa malimau na machungwa wanamfahamu kwa uharibifu wa viwavi wake. Yai lake ni dogo, la mviringo, la rangi ya njano hafifu, na hutagwa moja moja. Kiwavi akianguliwa huwa wa kahawia mwenye mabaka meupe, na ukimtazama haraka utadhani ni kinyesi cha ndege kilichodondoka kwenye jani, jambo linalomwokoa na ndege wenyewe. Akikua hubadilika kuwa wa kijani. Ukimgusa kisogoni hutokeza kitu laini chenye panda mbili, cha rangi ya chungwa, kinachotoa harufu kali. Hakuna skrini inayotoa harufu hiyo, na ndiyo maana somo haliwezi kuanzia kwenye skrini. Watoto hunusa kwanza, wakakunja nyuso na kucheka, ndipo tunapokaa kuchora.

Mradi mmoja wa ScratchJr una kurasa nne tu, na kwa bahati njema maisha ya kipepeo yana hatua nne: yai, kiwavi, pupa na kipepeo kamili. Kila kikundi huchora hatua moja katika ukurasa wake, kisha kitufe chekundu cha mwisho humhamisha mtazamaji hadi ukurasa unaofuata. Kitufe hicho kinaweza pia kumrudisha mtazamaji kutoka ukurasa wa nne hadi wa kwanza, na hapo picha ya mzunguko wa maisha, ambayo vitabuni huchorwa kwa mishale iliyojipinda, huwa kitu kinachozunguka kweli mbele ya macho ya mtoto.

Lakini hapo hapo pana mtego ambao mwalimu anapaswa kuuona mapema. Ukurasa wa nne ukionyesha kipepeo, na ukurasa unaofuata ukawa ni wa kwanza wenye yai, mtoto anaelewa kile hasa alichokiona, yaani kwamba kipepeo amegeuka yai. Kwa nini asielewe hivyo? Ameona yai likigeuka kiwavi, kiwavi akageuka pupa, pupa akageuka kipepeo, na mabadiliko yote hayo ni ya mnyama yule yule mmoja. Badiliko la mwisho tu ndilo la aina nyingine, kwa sababu kipepeo anabaki kuwa kipepeo na yai analolitaga ni la mtoto wake. Dawa ni kudai kwamba ukurasa wa nne uwe na vitu viwili: kipepeo jike, na yai alilolitaga juu ya jani. Kipepeo anaruka na kutoka pembeni mwa skrini, yai linabaki peke yake, ndipo ukurasa wa kwanza unapofunguka. Badiliko hili ni dogo katika usanifu, lakini ndilo linalotenganisha kukua na kuzaliana, dhana mbili ambazo hata wanafunzi wa madarasa ya juu huzichanganya.

Mtego wa pili umo katika kitufe cha kukuza. Kipo miongoni mwa vitufe vya zambarau, na kila ukikigusa mchoro huongezeka ukubwa. Watoto wanakipenda mno na wanakitumia kwa kila kitu kinachokua. Kwa kiwavi kinafaa kwa kiasi fulani, maana kiwavi kweli huongezeka mwili, ingawa hufanya hivyo kwa kujivua ngozi na hubadilika rangi njiani. Kwa kuku hakifai kabisa. Kifaranga aliyekuzwa kwa kitufe hicho anakuwa kifaranga mkubwa kama mbuzi, mwenye manyoya laini ya njano na kichwa kikubwa, asiye na mkia wala upanga mwekundu kichwani. Badala ya kuwakataza, ninawaacha wamkuze kifaranga wao mpaka ajae skrini, kisha tunatoka nje kuwatazama kuku wa jirani wanaoparua uwanjani na ninawauliza kama wamewahi kumwona kuku wa namna ile. Wanarudi wakidai kuchora kuku mwingine kabisa, na tunaishia kuwa na michoro mitatu ya mnyama mmoja: kifaranga, mtetea mchanga na mtetea aliyekomaa. Kukua, kwa lugha ya watoto wangu sasa, ni "kuchorwa upya", na sioni sababu ya kuwasahihisha.

Katika kompyuta ya mezani ya ofisi tuna programu nyingine ya bure, Tux Paint, ambayo ilianzishwa mwaka 2002 na Bill Kendrick kwa ajili ya watoto wadogo. Miongoni mwa zana zake kuna ile ya ulinganifu: ukichora mstari upande wa kushoto, mstari kama huo hujichora wenyewe upande wa kulia. Kwa kipepeo zana hii ni nzuri sana, kwa sababu mtoto huchora bawa moja akapata mawili, na madoa yakakaa yanapostahili. Watoto walipoipenda, kila mnyama akawa anachorwa kwa zana hiyo: paka, samaki, hata mti.

Kisha tukaenda mikokoni. Hapa kwetu, maji yakikupwa, matope ya mikoko hufunikwa na kaa wadogo ambao madume wao wana gando moja kubwa kupita kiasi, mara nyingi la rangi inayong'aa, na jingine dogo lisiloonekana sana. Gando kubwa hupungwa hewani ili kuwaita majike na kuwatisha madume wengine. Kwa kula halifai. Dume hula kwa gando dogo peke yake, akichota matope na kuyapeleka kinywani, wakati jike, mwenye magando mawili madogo, hula kwa yote mawili. Watoto wa pwani wamewaona kaa hawa tangu walipoanza kutembea, wamewakimbiza na wamechimba mashimo yao. Lakini kuona na kuangalia ni kazi mbili tofauti.

Tuliporudi darasani, kikundi cha kwanza kilimchora kaa kwa zana ya ulinganifu, na mnyama aliyetokea alikuwa na magando mawili makubwa yanayotazamana. Msichana mmoja aliyekuwa amesimama nyuma ya wenzake akauliza, "Sasa huyu atakulaje?" Swali hilo lilizua mjadala ambao nisingeweza kuupanga katika maandalio yoyote ya somo. Kuna waliosema atakula kwa miguu, kuna waliosema ataletewa chakula na mama yake. Mwishowe mvulana mmoja akapendekeza kwamba zana ya ulinganifu iachwe kwa kaa jike, na dume achorwe kwa mkono. Hapo ukaja ubishi mwingine kuhusu upande wa gando kubwa, kwa sababu mmoja aliliona kulia na mwingine kushoto, kila mmoja akiapa. Nilifungua picha nilizopiga kwa kishikwambi, tukahesabu, na wote wawili wakawa wamesema kweli: wapo wa kulia na wapo wa kushoto.

Nimelieleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu linaonyesha zana hizi zinapofanya kazi yake halisi. Ulinganifu, unakili na ukuzaji ni kanuni za programu, zilizowekwa na wasanifu ili kazi iwe rahisi. Kiumbe hai anazifuata baadhi na kuzivunja nyingine, na mtoto hujifunza mengi zaidi pale zinapovunjwa. Vivyo hivyo kwa jani la muhogo. Mtoto akichora jani moja na kulinakili mara kumi, anapata mmea nadhifu ambao haujawahi kuota shambani, kwa kuwa majani ya mhogo mmoja huwa na vidole visivyolingana idadi. Tunakwenda bustanini, tunachuma, tunahesabu vidole, kisha tunachora upya majani yasiyofanana.

Kuna ugumu mmoja wa msingi zaidi, nao unahusu kilicho hai na kisicho hai. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliandika tangu miaka ya 1920 kwamba watoto wadogo huelekea kuvipa uhai vitu vinavyojongea, kama jua na mawingu. Yeyote aliyewahi kufundisha Darasa la Kwanza hahitaji kusadikishwa. "Mwalimu, bodaboda inakunywa petroli na inatoa moshi," niliambiwa, "kwa hiyo inakula na inapumua." Mti, kwa hoja hiyo hiyo, hauna uhai kwa kuwa haujongei. Sasa fikiria programu ambayo ndani yake jiwe, bodaboda, kuku na mti vyote hutembea kwa kitufe kile kile cha bluu. Mwalimu asipokuwa mwangalifu, skrini itauimarisha ule uelewa ambao somo lilikusudia kuurekebisha.

Nimegundua kwamba njia nzuri ni kuwaachia watoto wasanifu kila tabia ya viumbe hai, moja baada ya nyingine, na si kujongea pekee. Wakisanifu kuku, wanatakiwa waonyeshe akila, akipumua, akitoa takamwili (hapo darasa zima huangua kicheko, na ni haki yao), akihisi, akikua na akizaliana. Wakija kwenye bodaboda, mambo huenda vizuri mpaka wanapofika kwenye kukua na kuzaliana. Kikundi kimoja kilichora bodaboda kubwa ikifuatwa na bodaboda ndogo tatu, na wachoraji wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kucheka.

Kwa mimea, mwalimu wangu msaidizi ni kifauongo. Mmea huu ukiguswa hufunga majani yake papo hapo, na ukiachwa kwa dakika kadhaa huyafungua tena. ScratchJr ina kitufe cha njano kinachoanzisha tendo pale mchoro unapoguswa, kwa hiyo watoto huchora tawi lililofunguka na tawi lililofunga, wakaamuru la kwanza lifichike na la pili litokee kila kidole kinapogusa. Halafu huja swali la muda: lisubiri kiasi gani kabla ya kufunguka? Tunarudi kwenye mmea wenyewe na saa ya ukutani mkononi. Mtoto aliyefanya kazi hiyo hasemi tena kwamba mmea hauhisi.

Kuhusu picha zilizo tayari nitasema machache. Maktaba za picha za programu nyingi za usanifu zimejaa nyuki wenye miguu minne wanaotabasamu, buibui wenye kope, na mashamba yenye matofaa na theluji. Kwa kadi ya mwaliko wa sherehe hazina tatizo. Kwa somo la viumbe hai ninazizuia kabisa katika hatua ya kwanza, na ninaziruhusu mwishoni kwa zoezi moja tu, la kutafuta makosa, ambalo watoto hulifanya kwa ukali wa mahakimu. Canva, ambayo hutolewa bure kwa walimu wa shule za msingi na sekondari wanaothibitishwa, ninaitumia mwenyewe, nyumbani, kutengenezea kadi za majina kwa picha tulizozipiga hapa hapa shuleni. Watoto hawaingii humo. Ndani ya ScratchJr kuna kamera inayojaza picha halisi ndani ya umbo alilolichora mtoto, na hiyo inatosha: mtoto huchora ukingo wa jani la mpapai, kisha ndani yake huweka picha ya jani lenyewe, na ukingo usipolingana na jani anauona upungufu bila kuambiwa.

Upungufu wa vifaa sitaupamba. Kishikwambi ni kimoja na watoto ni wengi. Nimewagawa katika vikundi ambavyo hubadilishana majukumu: mmoja hushika kishikwambi, mmoja hushika kiumbe au chupa yake, na waliobaki huelekeza. Kanuni ni kwamba anayeshika kishikwambi haruhusiwi kuchora chochote ambacho wenzake hawajakisema kwa maneno. Kanuni hii niliiweka ili kuzuia ugomvi, ikageuka kuwa mazoezi mazuri ya lugha, maana kusema "mguu" hakutoshi. Ni lazima useme mguu upi, unaanzia wapi na unaelekea upande gani. Vikundi vinavyosubiri huchora kwa kijiti mchangani, na sina hakika kwamba wanapata hasara.

Muhula huu tumeingia kwenye mbegu. Tumepanda maharage kwenye pamba ndani ya chupa, na kila asubuhi, kabla ya vipindi, chupa hupigwa picha ikiwa imewekwa juu ya alama ile ile ya chaki dirishani. Kabla hatujapanda, kila kikundi kilisanifu kile ambacho wanachama wake walidhani kitatokea, na karibu vyote vilichora jani likichomoza kwanza. Picha zetu zinaonyesha mzizi ukitangulia, kisha shina lililojikunja likiinuka na kulibeba haragwe lenyewe hadi juu, likiwa limepasuka vipande viwili. Vikundi viwili sasa vinabishana kama vipande hivyo ni majani au ni mbegu bado, na sijawajibu. Wiki ijayo tutapanda mahindi kando yake, ambayo mbegu yake hubaki chini, na nimewaomba wasanifu utabiri wao kabla ya Ijumaa.